Kulala na Kusoma Kando ya Reli: Somo kwa Wakazi wa Eastlands

Garimoshi la alfajiri linapopita Makadara likielekea katikati ya jiji, sufuria hutetemeka rafuni katika nyumba zilizo karibu na reli, mlango wa mabati huitikia, na aliyelala hugeuka upande wa pili. Ukimuuliza asubuhi atasema hakusikia kitu. Amezoea. Jibu hilo husikika Makongeni, Mutindwa, Donholm na Dandora, nalo ni la kweli nusu tu: sikio huzoea, mwili hauzoei.

Watafiti waliopima mapigo ya moyo ya watu waliolala wameona kwamba kelele za usiku huufanya moyo upige kasi kwa muda na kumtoa mtu katika usingizi mzito hadi mwepesi, hata kama hafungui macho wala hakumbuki lolote asubuhi. Anayeishi hapo kwa miaka huamka mara chache zaidi kuliko mgeni, lakini moyo wake huendelea kuitikia. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza kwamba wastani wa kelele za reli usiku, nje ya nyumba, usizidi desibeli 44.

Desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili hufikia takriban 60, na kila zinapoongezeka 10, sikio huhisi kama kelele imekuwa maradufu. Hapa Kenya, kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009 zinaweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku kwa nje ya nyumba katika maeneo ya makazi. Usiku huhesabiwa kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Lakini hivi ni viwango vya wastani wa saa nyingi. Garimoshi hupita kwa muda mfupi, kisha kunakuwa kimya, na katika hesabu ya wastani makali yake hufifia. Mtu aliyeamshwa mara tatu usiku hakuamshwa na wastani.

Reli ilitangulia. Ilifika Nairobi mwaka 1899, kabla mji wenyewe haujawa mji, na mitaa kama Muthurwa na Makongeni ilianza kama makao ya wafanyakazi wa reli. Kwa hivyo kukaa karibu na njia ya garimoshi hakukuwa bahati mbaya. Kulikuwa sehemu ya kazi. Wengi wanaokaa kando ya reli leo hawafanyi kazi huko. Walifuata kodi nafuu.

Mtoto anayesoma

Anayepoteza zaidi huenda si mtu mzima. Katika mtaa wa Inwood, jijini New York, kulikuwa na shule ya msingi ambayo upande wake mmoja ulitazama reli iliyoinuliwa juu ya nguzo. Kila baada ya dakika chache treni ilipita, na mwalimu alilazimika kunyamaza au kupaza sauti. Mtafiti Arline Bronzaft alilinganisha alama za kusoma za watoto wa upande wa reli na za wenzao wa upande uliotulia wa jengo hilohilo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1975: watoto wa upande wa reli walikuwa nyuma, na kufikia darasa la sita tofauti ilikaribia mwaka mzima wa masomo. Walikuwa shule moja na mtaa mmoja; kilichowatenganisha ni ukumbi wa katikati ya jengo.

Sehemu ya pili ya kisa hicho husimuliwa mara chache, ingawa ndiyo yenye faida kwa mzazi. Shirika la usafiri la jiji liliweka vipande vya mpira chini ya reli karibu na shule, na madarasa yenye kelele yakawekewa dari ya kunyonya sauti. Bronzaft aliporudi kupima, na kuchapisha matokeo mwaka 1981, pengo lilikuwa limetoweka.

Shule iliyo karibu na reli haihitaji kungoja mradi mkubwa ili ianze. Madarasa ya chini, ambako watoto bado wanajifunza kutofautisha sauti za herufi, yahamishiwe upande wa mbali na reli, na stoo au ofisi zije upande wa kelele. Garimoshi linapopita, mwalimu anyamaze kisha arudie sentensi. Kupaza sauti humchosha yeye na bado mtoto hasikii konsonanti. Nyumbani, kazi ya shule ifanywe nyakati ambazo garimoshi hazipiti. Mzazi ataweza kuzijua akiandika kwenye daftari, kwa wiki moja, saa ambayo kila garimoshi lilipita na kilichosikika zaidi: honi, injini, magurudumu au mtetemo. Daftari hilo litamfaa tena mbele.

Ndani ya nyumba

Sauti hupita palipo na upenyo kama maji yanavyopita. Ukuta wa mawe unazuia sehemu kubwa ya kelele, lakini ufa wa kidole chini ya mlango unaweza kuharibu kazi ya ukuta wote. Kwa hivyo gharama ya kwanza iwe ndogo: kipande cha mpira chini ya mlango, sponji ya kubandika kwenye fremu ya dirisha, kioo kilichopasuka kibadilishwe. Pazia zito hupunguza mwangwi chumbani lakini halizuii kelele ya nje kwa kiasi kikubwa. Trei za mayai zinazobandikwa ukutani hazizuii kitu. Ni nyepesi, na kinachozuia sauti ni uzito; juu ya hayo zinashika moto upesi.

Katika chumba cha mabati mambo ni magumu zaidi, kwa sababu bati lenyewe ni jepesi na hutetemeka. Kinachosaidia kidogo ni kuweka vitu vizito kwenye ukuta unaotazama reli: kabati lililojaa nguo, rafu ya vitabu, magunia. Kitanda kisogezwe ukuta wa mbali. Kama mtetemo ndio unaosumbua, miguu ya kitanda inaweza kuwekewa vipande vya raba ya tairi kuukuu, na sufuria zitenganishwe kwa vitambaa ili zisigongane.

Hapa pana onyo ambalo halina budi kusomwa na kila mtu wa nyumba. Matundu ya hewa yaliyo juu ya ukuta au dirisha yasizibwe kamwe kwa sababu ya kelele. Chumba kilichozibwa na kuwashwa jiko la makaa hujaa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, ambayo huua watu wakiwa usingizini. Jiko litolewe nje kabla ya kulala hata kama makaa yanaonekana yamefifia. Afadhali kelele.

Vizibo vya masikio vya sponji husaidia watu wazima wengi. Hufinyangwa hadi viwe vyembamba, sikio huvutwa juu na nyuma kidogo, kizibo kikaingizwa na kushikiliwa hadi kifutuke. Pamba ya kawaida haifanyi kazi hiyo. Katika nyumba yenye mtoto mchanga au mgonjwa, mtu mzima mmoja abaki bila vizibo. Redio ya sauti ya juu ya kuifunika kelele ya garimoshi ni kelele ya pili.

Kuhusu miti: watu wengi huomba ipandwe kando ya reli. Ni mizuri kwa kivuli na vumbi, lakini mstari mmoja wa miti haupunguzi sauti kwa kiasi cha kuhisika. Ukuta imara unaoficha magurudumu yasionekane kutoka dirishani hufanya zaidi, na ndiyo sababu nyumba iliyo nyuma ya jengo lingine huwa tulivu kuliko iliyo mbele, na ghorofa ya juu mara nyingine huwa na kelele kuliko ya chini. Anayetafuta nyumba aende kuitazama alfajiri au usiku. Mwenye nyumba atapenda kuionyesha saa sita mchana.

Honi

Malalamiko mengi ni juu ya honi, na hapa wakazi wenyewe wana sehemu yao. Dereva wa garimoshi hawezi kukwepa wala kusimama ghafla. Honi ndiyo kinga pekee ya mtu aliye mbele yake. Mahali kama Mutindwa, ambako bidhaa hutandazwa hadi kando ya vyuma na watu huvuka popote, honi lazima ipigwe mara nyingi. Wavukaji wakitumia vivuko, honi nayo itakuwa na sababu chache za kulia. Mtu anayetembea kando ya reli avue spika za masikioni. Kule kuzoea tulikoanza nako ni hatari zaidi hapa kuliko kitandani, kwa kuwa aliyezoea honi huchelewa kugeuka.

Malalamiko yapelekwe wapi

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inaipa serikali ya kaunti jukumu la kudhibiti kelele na kero nyingine za umma, lakini reli ni jukumu la serikali ya kitaifa. Kwa hivyo lalamiko kuhusu kelele za baa, kanisa au karakana jirani hupelekwa moja kwa moja kwa idara ya mazingira ya kaunti kupitia ofisi ya wadi. Lalamiko kuhusu garimoshi liandikiwe Shirika la Reli la Kenya, na nakala zipelekwe kwa idara hiyo ya kaunti na kwa NEMA. Barua inayosema "kelele zimezidi" haimpi fundi pa kuanzia. Barua yenye kurasa za lile daftari, ikitaja mahali hasa, saa, na kwamba mlio ni wa kugonga mfululizo, huenda ikamwonyesha kiungo cha reli kilicholegea au gurudumu lililochakaa, na hayo hurekebishika. Wakazi wa ploti moja waandike barua moja, watie sahihi wote, na wabaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.