Somo la Wiki: Kujenga Jiko Tena Baada ya Moto

Maandiko ya kusoma: Nehemia 1 hadi 6, Kumbukumbu la Torati 22:8, Mathayo 4:5-7

Shabaha ya somo: Kujifunza kwamba shukrani ya mtu aliyeokolewa na moto inaonekana katika namna anavyojenga tena.



Jiko la nyumba ya zamani ya shambani sote hapa Majoreni tunalijua. Ukuta wa udongo na fito, au wa mawe ya matumbawe. Paa la makuti. Mafiga matatu chini, na juu ya moto uchaga wenye mahindi. Wazee wetu hawakuweka mahindi pale kwa kubahatisha. Moshi ulifukuza fukusi, na mbegu ikafika msimu wa mvua ikiwa salama. Lakini moshi huo huo ulikausha makuti mwaka baada ya mwaka na kuyajaza masizi. Siku ya upepo mkali, cheche moja tu inatosha.

Jiko likiungua na watu wakatoka wazima, tunajua la kufanya. Tunakimbia na ndoo. Kesho yake tunaleta unga, sufuria na nguo. Jumapili tunasimama madhabahuni tunashukuru. Vizuri kabisa. Lakini wiki ya tatu inakuwaje? Mara nyingi fundi anaitwa, makuti mapya yanarudishwa juu ya mafiga yale yale, na uchaga ule ule. Somo hili ni la hiyo wiki ya tatu.

1. Nehemia aliomba, kisha akaomba mbao

Nehemia alipata habari kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka na malango yake yameteketezwa kwa moto. Alikaa chini akalia, akafunga, akaomba. Ukilinganisha mwezi unaotajwa sura ya 1 na ule wa sura ya 2, utaona ni kama miezi minne ya maombi. Basi mtu asikwambie kulia juu ya nyumba iliyoungua ni kukosa imani. Lia, mpendwa. Nehemia alilia.

Sasa angalia alichoomba mlango ulipofunguka mbele ya mfalme Artashasta. Aliomba ruhusa na muda. Aliomba pia barua kwa Asafu, mtunza msitu wa mfalme, ili apewe mbao za malango (2:8). Yaani katika ile miezi ya maombi alikuwa pia anapiga hesabu ya miti. Maombi hayakumzuia kufikiri.

Na kuna funzo la karibu zaidi hapo. Sisi tunakaa jirani na mikoko, na boriti za mikoko ni imara. Lakini mikoko haikatwi ovyo, inataka kibali cha Shirika la Huduma za Misitu la Kenya. Nehemia alikuwa na kibali cha Mungu moyoni, na bado alikwenda na barua mkononi. Jiko la shukrani lisijengwe kwa miti ya kuvizia usiku.

2. Alikagua kwanza

Alipofika Yerusalemu hakuanza kujenga siku ile. Alipumzika siku tatu, kisha akatoka usiku na watu wachache kukagua palipobomoka na palipoungua (2:11-15). Hakumwambia mtu jambo mpaka alipoona kwa macho yake.

Hapa lazima tuseme ukweli. Kwetu Pwani, nyumba ikiungua, swali la kwanza la wengi ni, "Nani amenifanyia?" Kisha macho yanamgeukia bibi mzee wa nyumba ya pili. Kwale na Kilifi wazee wamepigwa na hata kuuawa kwa tuhuma za uchawi. Kanisa lisiwe mahali pa kuwasha moto wa pili. Nehemia alikuwa na maadui wa kweli, tena wa kutajwa majina, lakini usiku ule alikwenda kuangalia ukuta. Nawe kaangalie jiko. Majivu ya jana yalimwagwa wapi? Koroboi iliachwa karibu na nini? Bomba la gesi lilikuwa na ufa? Waya wa umeme ulipita ndani ya makuti? Sababu ukiijua, utajua la kubadilisha. Ukimpata wa kumlaumu tu, jiko litabaki na hatari yake.

Kama nyumba ina umeme, usiguse waya wowote ulioungua. Kenya Power wakate kwanza, kisha aje fundi mwenye leseni.

3. Vifusi kwanza

Sura ya 4 mstari wa 10 inasema jambo ambalo kila fundi analijua. Wachukuzi walichoka kwa sababu vifusi vilikuwa vingi mno, ikaonekana ujenzi hauwezekani. Kazi inayokatisha tamaa ni kusomba majivu na mawe yaliyovunjika, tena hakuna anayekupongeza kwa kazi hiyo.

Na soma dhihaka ya Sanbalati katika 4:2. Alicheka kwamba Wayahudi wanataka kuyafufua mawe yaliyoungua kutoka kwenye chungu za kifusi. Alikuwa adui, lakini kuhusu mawe alijua anachosema. Mawe ya Yerusalemu ni ya chokaa, na matumbawe yetu pia ni jamii hiyo. Sisi watu wa Pwani tumekuwa tukichoma matumbawe kwenye tanuri ili tupate chokaa ya kujengea. Basi moto mkali sana ukiramba ukuta wa matumbawe, ule uso wa jiwe unaweza kuanza kugeuka chokaa. Kwa macho linaonekana jiwe, lakini likinyeshewa linamomonyoka.

Kwa hiyo gonga kila jiwe kwa nyundo. Likilia kwa sauti kavu na kali, afadhali. Likitoa sauti ya kufa, au likikwaruzika kwa kisu na kutoa unga, litoe. Boriti iliyoungua ikwanguliwe mpaka mti mzima uonekane, kisha fundi aamue kama kilichobaki kinaweza kubeba paa. Bati lililoungua limepoteza ile zinki yake, na kwa hewa yetu ya chumvi litaoza upesi. Litumie kuzibia banda la kuku, si kuezekea jiko.

Mambo ya rohoni ni vivyo hivyo. Hasira, lawama na maneno tuliyoambiana siku ya moto ni vifusi. Ukipaka rangi juu yake, masika ya kwanza yatakufichua.

4. Jenga tofauti

Sasa twende Kumbukumbu la Torati 22:8. Sheria inamwambia mtu anayejenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, maana watu walikaa juu ya paa. Asipoweka na mtu akaanguka, damu ile iko juu ya nyumba yake. Ajabu, si ndiyo? Mungu anajishughulisha na kipimo cha ujenzi! Hakusema waombe mtu asianguke. Alisema waweke ukingo.

Na shetani alipomwambia Bwana Yesu ajitupe kutoka juu ya hekalu kwa kuwa malaika watamdaka, Bwana alikataa. Kurudisha makuti juu ya moto wazi na kusema "Mungu aliyetuokoa atatuokoa tena" kunakaribia sana jaribu lile lile.

Basi ukingo wa jiko letu ni upi?

Kwanza, mahali. Kaskazi na kusi zote mbili hutoka upande wa mashariki, moja ikiegemea kaskazini, nyingine kusini. Ukiweza, jenga jiko upande wa magharibi wa nyumba, liachane nayo kwa hatua kadhaa, ili upepo upeleke cheche mbali na mahali watoto wanapolala.

Pili, paa. Nyumba inaweza kubaki na makuti kwa ajili ya ubaridi, lakini jikoni weka mabati, na acha nafasi pana ya moshi kutoka.

Tatu, moto wenyewe. Uinue kutoka chini, kwa jiko la kuni lililojengwa kwa udongo au matofali. Mtoto anayetambaa hafiki, nguo ya mama haiburuzwi motoni, na kuni zinapungua.

Nne, uchaga. Uondoe juu ya moto. Mahindi yakikauka vizuri, yatie kwenye mifuko isiyopitisha hewa. Fukusi atakufa kwa kukosa hewa, wala hutahitaji moshi.

Tano, majivu. Makaa hujificha ndani ya majivu mpaka asubuhi. Yamwagie maji, au yaweke kwenye debe la chuma lenye kifuniko, nje.

Sita, gesi. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, hushuka na kutambaa sakafuni. Kwa hiyo tundu la hewa liwe chini pia, si juu peke yake. Ukisikia harufu yake, usiwashe kiberiti wala taa. Fungua mlango na utoke.

Saba, ndoo ya mchanga mlangoni, kila siku. Mafuta ya kukaangia yakishika moto, funika sufuria au tumia mchanga. Ukimwaga maji, moto utaruka.

5. Kila mtu mahali pake

Nehemia sura ya 3 wengi tunairuka kwa sababu ni majina matupu. Lakini ni orodha ya waliokuja kazini! Eliashibu kuhani mkuu ametajwa wa kwanza, basi wachungaji tushike mwiko. Binti za Shalumu wapo (3:12). Wakuu wa Tekoa walikataa kuinamisha shingo zao (3:5), lakini watu wa kawaida wa Tekoa walimaliza sehemu yao, kisha wakachukua sehemu ya pili (3:27).

Kanisa, aliyeunguliwa anahitaji unga siku ya kwanza. Siku ya ishirini anahitaji mikono. Vijana wasombe vifusi, kina mama wakande udongo, fundi wetu atoe siku moja.

Na tuwe macho na sura ya 5. Ukuta ukiwa unajengwa, maskini walikuwa wameweka rehani mashamba na nyumba zao, na Nehemia aliwakemea ndugu waliowatoza riba. Usimpe aliyeunguliwa mkopo wa faida ukauita msaada. Nawe uliyeunguliwa, usikimbilie mkopo wa simu ili jiko limalizike kwa wiki moja. Anza na meko ya kuinuliwa na mabati. Plasta itangoja.

Ukuta wa Yerusalemu ulikamilika kwa siku 52 (6:15). Haukujengwa na mtu mmoja.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Ni kitu gani jikoni kwako ambacho Kumbukumbu 22:8 ingekuita ukibadilishe?
2. Tufanye nini jirani anapoanza kushutumiwa baada ya moto?
3. Ni nani kati yetu yuko kwenye "wiki ya tatu" na tumemsahau?

Kazi ya wiki: Kabla ya Jumapili, toa masizi kwenye paa la jiko lako, na weka ndoo ya mchanga.

Tuombe: Bwana, asante kwa uhai uliotuachia. Tupe machozi ya Nehemia, na macho yake, na mikono yake. Watoto wetu walale salama katika nyumba tunazojenga. Kwa jina la Yesu, Amen.