Mabaki, Mazao au Sumu? Istilahi za Maji ya Kupikia

Makala haya yametokana na swali la shangazi yangu. Nilikuwa nimeombwa kukagua tafsiri ya kijikaratasi cha afya, nikamsomea sentensi iliyodai kwamba dawa ya maji huacha sumu katika chakula. Akaniuliza, "Sasa, mwanangu, hiyo dawa tuimwage?" Kwao maji huchotwa mtoni. Kosa la tafsiri mahali kama hapo laweza kuzaa kipindupindu.

Tatizo, kwa maoni yangu, ni kwamba mfasiri alitia dhana mbili katika kitenzi kimoja, "huacha". Klorini ikitiwa majini, sehemu yake hutumika kuua viini, na nyingine husalia ikiyalinda maji yasiingiwe na viini upya mtungini. Hii iliyosalia ndiyo mabaki ya klorini, nayo inatakikana: Shirika la Afya Duniani linapendekeza angalau miligramu 0.5 kwa lita baada ya nusu saa. Lakini klorini pia hukutana na masalia ya majani na mimea iliyooza, zikazuka kemikali mpya. Mnamo mwaka wa 1974 mkemia Johannes Rook alieleza jinsi klorofomu ilivyotokea kwa njia hii katika maji ya Rotterdam, Uholanzi. Kemikali hizi hazikuwamo katika chupa ya dawa. Kuziita mabaki, basi, ni kupotosha.

Tuziiteje? "Mazalia" lapendeza sikioni, ila wengi watafikiria vidimbwi vya mbu. "Bidhaa" linanukia duka. Napendekeza "mazao tanzu". Sisi wa fasihi, tuliolelewa na tanzu na vipera, hatutalionea ugeni.

Ama neno "sumu", si uongo mtupu. Baadhi ya mazao tanzu haya yamesababisha uvimbe kwa wanyama wa maabara waliopewa viwango vikubwa. Hata hivyo, sumu ni suala la kipimo, na kijikaratasi hakikutaja kipimo chochote. Shirika hilohilo limeweka mwongozo wa miligramu 0.3 za klorofomu kwa lita, na papo hapo likaonya kwamba kuua viini kusilegezwe kwa ajili ya kuyaepuka mazao tanzu.

Jikoni mambo huzidi kutatanika. Sufuria ikichemka bila kifuniko, klorofomu huruka upesi pamoja na mvuke. Asidi haloasetiki, ambazo ni kundi jingine la mazao tanzu, haziruki hivyo. Wali ukiyanywa maji yote, huzinywa nazo. Viazi ambavyo maji yake humwagwa huacha nyingine nje. Kwa hiyo hata sentensi ya pili ya kijikaratasi, kwamba kuchemsha huondoa kemikali zote, haikusimama. Isitoshe, dawa ya majimaji iliyokaa mno kwenye joto hupungua nguvu huku kloreti ikiongezeka ndani yake, jambo ambalo mfasiri hakuligusa kamwe.

Niliandika upya hivi: "Maji yenye tope yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, kisha tia dawa ambayo muda wake haujapita, kwa kipimo kilichoandikwa chupani. Usiache kutia dawa." Nilipomsomea, shangazi aliuliza tu kama leso kuukuu ingefaa kuchujia.