Kotisoli, Dopamini na Kupotea kwa Hamu

Mgonjwa wa kisukari aliyekuwa akihudhuria kliniki bila kukosa anaanza kuruka miadi. Dawa anazo na maelekezo anayakumbuka, lakini anasema hana hamu ya kitu chochote. Ni rahisi kumwita mzembe. Hata hivyo, huenda chanzo ni mabadiliko yanayotokea ubongoni kutokana na msongo wa muda mrefu.

Mtu anapokabiliwa na tishio, sehemu ya ubongo iitwayo haipothalamasi huiamsha tezi ya pituitari, nayo huzichochea tezi za adrenali, zilizo juu ya figo, kumwaga homoni ya kotisoli katika damu. Kiwango chake hufikia kilele takriban dakika 20 hadi 30 baada ya tukio kuanza. Kotisoli hupenya hadi ubongoni, na huko huathiri seli za neva zinazotoa dopamini, kemikali inayompa mtu msukumo wa kutafuta chakula, kufanya kazi na kurudia jambo lililomnufaisha.

Athari hiyo hutegemea muda. Msongo mfupi unaweza kuongeza utoaji wa dopamini na kumfanya mtu awe macho. Msongo unaodumu wiki au miezi, hasa ule asioweza kuudhibiti, unaweza kudhoofisha mwitikio wa mfumo huo. Yaliyomfurahisha zamani hayamvutii tena, na hata kwenda kliniki huwa mzigo. Wengine hukimbilia pombe au sigara. Hizo hupandisha dopamini kwa muda mfupi, lakini matumizi ya mara kwa mara huzidisha tatizo.

Kupima dopamini katika damu hakusaidii kubaini hali hii, kwani dopamini iliyomo katika damu haivuki kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo. Kinachosaidia ni swali linaloulizwa kwa upole: katika wiki mbili zilizopita, je, mgonjwa amekosa hamu au raha ya kufanya mambo?

Mgonjwa naye asione haya kusema. Usingizi wa kutosha, mazoezi ya mwili na mazungumzo na mtu anayemwamini husaidia. Hali ikidumu zaidi ya wiki mbili, afike kituo cha afya. Akijiwa na mawazo ya kujidhuru, apelekwe siku hiyo hiyo. Kupoteza hamu ni dalili ya kutibiwa, wala si aibu.