SOMO: Ramani moja kwa mashamba ya pande mbili za mupaka



Kila mwaka mvula ikianza tunapanda mahindi, na kisha wiki chache tunaona majani yametobolewa. Ni kazi ya kiwavi-jeshi. Kidudu hiki kilitoka Amerika, na Afrika kilionekana mara ya kwanza mwaka 2016. Kipepeo chake kinaweza kuruka karibu kilometa 100 kwa usiku mumoja, na ku Kasumbalesa hakiulizwe paspoti. Kwa hiyo habari ya shamba la Chililabombwe leo inaweza kuwa habari ya Sakania au Kipushi kesho. Lakini wenzetu wa Zambia wanaandika yao, sisi tunaandika yetu, na karte hizi mbili hazikutane.

Mufano wa hapa kwetu

Mwaka 2014 Lubumbashi ilikuwa kati ya miji ya kwanza kuchorwa katika kazi ya Missing Maps, iliyoanzishwa na Médecins Sans Frontières, Msalaba Mwekundu wa Uingereza na wa Marekani, pamoja na watu wa OpenStreetMap. Watu wa kujitolea katika inchi za mbali walichora njia na nyumba wakitazama picha za satelite. Lakini satelite haijue jina la avenue wala la kartier. Hayo yalipashwa kutoka kwa watu wa hapa. Kwa mashamba ni vile vile: satelite haioni kiwavi ndani ya jani. Wewe ndiwe unamuona.

Namba mbili za shamba

Telefone yenye GPS inatoa namba mbili: ya kwanza latitudo, ya pili longitudo. Katikati ya Lubumbashi ni karibu -11.66 na 27.48. Ukiandika tarakimu mbili kisha nukta, unaonyesha pahali kwa kilometa moja hivi. Ukiandika ine, unafika karibu mita 11. Kwa shamba, tuandike ine.

Mambo yenye kuharibu ramani ya pamoja ni haya:

1. Kusahau alama ya minus. Sisi na Zambia tuko kusini ya ekweta. Bila minus, shamba lako linaenda Sudan.
2. Kugeuza namba, ya pili ikawekwa mbele. Hapo shamba linaangukia mu jangwa la Sahara.
3. Virgule na nukta. Telefone ya Kifaransa inaweza kuandika virgule, ile ya Kingereza inaandika nukta. Tukubaliane na wenzetu: nukta tu.
4. Karte za zamani. Za Katanga zilichorwa kwa musingi wa Katanga 1955, za Zambia kwa Arc 1950, na GPS inatumia WGS 84. Namba ya karte ya zamani ikiwekwa vile ilivyo ku telefone, inaweza kukosea kwa mamia ya mita. Tuchukue namba mupya, kwa miguu, katikati ya shamba.

Namna ya kuhesabu

Tembea mu shamba kwa umbo la herufi W. Simama mara 5, na kila mara angalia mimea 10. Ikiwa kati ya mimea 50, 12 iko na kiwavi ama alama zake mupya, ni 24 kwa mia. Andika tarehe, namba mbili, 50 na 12. Shamba lisilo na kiwavi nalo liandikwe: weka 0. Bila sifuri hizo, hatutajua kidudu kimefika wapi na bado wapi. Ni kwa njia hii FAO ilitoa mwaka 2018 programu ya telefone iitwayo FAMEWS: mutu anajaza mu shamba hata bila rezo, na anatuma akifika penye intaneti.

Nani aone nini?

Kwa kufuata kiwavi, jirani wa Zambia hana lazima ya jina lako wala ya mipaka ya shamba lako. Tumtumie tarehe, pahali na hesabu, basi. Mipaka ya mashamba ibaki mu kaye ya koperative mpaka mukutano mukuu ukubali itoke. Ina faida yake: Cadastre Minier inaonyesha vibali vya madini ku ramani ya intaneti, na koperative yenye namba zake inaweza kuona mapema kama kibali kinagusa mashamba. Lakini tusidanganyane: alama ku telefone si titre ya udongo. Titre inatoka kwa serikali.

Kazi ya kikundi

Mbele ya kupanda, chagueni vijana wawili wenye telefone. Wapime mashamba 10 na waandike mu kaye yenye safu hizi: tarehe, latitudo, longitudo, mimea iliyoangaliwa, iliyoguswa. Kisha kila namba ifunguliwe ku ramani ya telefone mbele ya wote. Shamba likionekana Sudan, munajua kosa. Kaye ikiwa safi, pelekeni safu hizo hizo kwa koperative ya ng'ambo ya mupaka, na mukubaliane siku moja kwa juma ya kutumiana hesabu.