Yaya, huyu ndiye Jack wangu?

Leo barua za wakwe na za madeni ya likelemba, ile michango ya kupokezana kwa zamu, zinangoja kidogo, kwa sababu iko moja imenikosesha usingizi. Imetoka kwa binti wa hapa hapa kwetu Songo, Uvira, miaka 22. Anaandika:

"Yaya, niko na mpenzi, fundi wa mota za boti kule Kalundu. Hana kitu ila ananipenda. Mama yeye anamtaka mwanaume mwingine, mwenye depo ya simenti, ambaye amekwisha kutuma wazee nyumbani. Mpenzi wangu anasema tusimwambie mtu, tupande boti ya usiku mpaka Kalemie, tukaanze maisha. Juzi tuliangalia Titanic kwenye simu yake, tukalia wote wawili. Akanishika mkono, akasema: mimi ndiye Jack wako. Yaya, ni kweli? Nipande?"

Mdogo wangu, kaa hapa kwenye mkeka. Kabla sijakujibu, nikuambie yangu.

Mimi Titanic niliiona mara ya kwanza kwenye chumba cha video, nimebanwa kwenye benchi kati ya wasichana wawili wa mtaani kwetu. Filamu ile inapita saa tatu. Mwenye chumba alikuwa amepima petroli ya jenereta kwa filamu za ngumi, na filamu ya ngumi haifiki saa mbili. Meli imekwisha kugonga barafu, maji yanapanda, mara puu, giza. Watu wakapiga kelele, wakadai franka zao, hawakupewa, tukaenda kulala. Basi kwa miezi mingi nilikuwa nawasimulia wenzangu mtoni tukifua kwamba Jack na Rose walifika Amerika salama, wakazaa watoto sita. Siku nilipouona mwisho wenyewe, nililia kama mtu aliyeletewa habari ya msiba wa zamani.

Nakuambia hivyo ujue kwamba sikucheki. Lakini tangu siku ile nimeiangalia mara nyingi, na kadiri ninavyokua, ninawaona watu wengine mle ndani.

Anza na mama. Ruth, mamaye Rose, ambaye Frances Fisher alimcheza kwa uso mkavu kabisa. Kila msichana anamchukia. Sasa rudi pale anapomfunga binti yake ile nguo ya kubana kiuno yenye kamba mgongoni. Anavuta kamba, binti ameshika nguzo ya kitanda, na huku anavuta anamwambia ukweli wa nyumba yao: baba alikufa akawaachia jina kubwa na madeni, na bila ndoa hii mama atashonea watu nguo, vitu vyao vikinadiwa. Mikono inamuumiza mtoto, na sauti inatetemeka kwa woga. Mama yako naye anaogopa kitu. Umewahi kumuuliza ni kitu gani? Au umemwita mpenda pesa, ukafunga mlango?

Halafu Cal, mchumba tajiri, aliyechezwa na Billy Zane. Wengi wanadhani ubaya wake ni pesa. Hapana. Cal alijulikana asubuhi ile kwenye chai, aliposikia kwamba Rose alikwenda kucheza ngoma kule chini kwa maskini: aliipindua meza, vikombe vyote chini, msichana akabaki ameganda kwenye kiti. Na meli ilipokuwa inazama, alimbeba mtoto wa watu aliyekuwa analia peke yake, ili apate nafasi kwenye boti. Kwa hiyo usimhukumu mwenye depo kwa simenti yake. Chunguza kama amewahi kupindua meza. Na fundi wako mchunguze vilevile, maana hata maskini wanapindua meza.

Tuje kwa Jack, Leonardo DiCaprio, ambaye picha yake ilibandikwa kwenye kuta za vyumba vya wasichana dunia nzima. Alipanda meli kwa tiketi aliyoshinda kwenye karata. Anachora, anacheka, anajua kumshika mtu asianguke baharini. Lakini kumbuka: alipofungwa pingu kwenye bomba, maji yamefika kiunoni, nani alimwokoa? Rose, Kate Winslet, akiwa na shoka. Jack alimwambia ajaribu kwanza kwenye kabati, apige mahali pamoja mara mbili. Pigo la pili lilikwenda mbali na la kwanza. Jack akasema basi, mazoezi yametosha, akanyoosha mikono yake kwenye bomba. Hapo ndipo mimi naona mapenzi, kuliko pale mbele ya meli walipopanua mikono.

Na kuna jambo moja la Rose ambalo wengi hawalioni, maana linapita haraka kabla ya machozi. Anatembea juu ya meli na Thomas Andrews, fundi aliyeichora, ambaye alikuwa mtu wa kweli na alikufa na meli yake mwaka 1912. Rose anamwambia kwamba amepiga hesabu ya boti za kuokolea, na hazitoshi watu wote. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Titanic ya kweli ilikuwa na boti 20, zenye nafasi ya watu 1,178, na ndani yake walikuwemo zaidi ya 2,200. Wenye meli hawakuvunja sheria, kwa sababu sheria ya wakati ule ilitazama uzito wa meli, haikuhesabu vichwa vya watu. Waliokufa ni kama 1,500. Katika wageni wote wale wenye kofia na almasi, filamu ilimpa msichana wa miaka 17 kazi ya kuhesabu.

Sasa utaniambia: Yaya, lakini Jack alikufa kwa ajili yake. Ndiyo. Na kwa kuwa alikufa, hakuna aliyemwona akirudi nyumbani bila hela ya chakula. Mwaka 2008 DiCaprio na Winslet walicheza tena pamoja, katika Revolutionary Road, na hata Kathy Bates wa Titanic yumo. Humo hakuna meli wala barafu. Ni mume na mke, nyumba nzuri, watoto wawili, na maneno yanayochoma kila jioni. Niliitazama nikasema: kumbe wale watoto sita niliowasimulia mtoni wangezaliwa kwenye nyumba kama hii.

Kama unataka filamu ya kupimia mapenzi, chukua moja ya kwetu zaidi. Inaitwa The African Queen, ya mwaka 1951, na sehemu yake ilipigwa Uganda na katika Kongo ya wakati wa Wabelgiji. Meli ya Wajerumani iliyomo inasemekana ilitokana na Graf von Götzen, ile iliyotawala ziwa letu la Tanganyika wakati wa vita. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe Kigoma isitekwe, Waingereza wakaiinua mwaka 1924, na tangu 1927 tunaijua kwa jina la Liemba. Katika filamu mwanamke ni Katharine Hepburn, na jina lake, shangaa, ni Rose. Mwanaume ni Humphrey Bogart, aliyepata Oscar kwa kazi hiyo, na anacheza nani? Fundi wa boti. Maskini, mchafu, mlevi wa jini.

Yule Rose hakulia. Alimwaga chupa za jini mtoni, moja baada ya nyingine, fundi akitazama. Fundi alinuna, kisha akanyoa ndevu. Mhimili wa panga la mota ulipopinda, walizama majini pamoja, wakautoa, wakawasha moto ukingoni, wakaunyoosha, wakaurudisha. Boti ilipokwama kwenye matete, fundi aliivuta kwa kamba, akatoka amegandwa na ruba mwili mzima, na ingawa alikuwa anatetemeka kwa kuziogopa, alirudi tena majini. Mwishoni meli kubwa inazama, na wao wawili wanaogelea kwenda nchi kavu.

Basi, mdogo wangu, nakujibu. Jina la Jack ni jepesi kujipa, na fundi wako amejipa akiwa amelala kwenye godoro na simu mkononi. Mtazame akiwa kazini. Mteja akimkosea hela, anafanya nini? Ukimwambia "mimi nimekataa", uso wake unakuwaje? Mmewahi kushika kazi moja ngumu pamoja mpaka ikaisha?

Ile boti ya usiku, hapana. Nasema hapana kama yaya yako wa tumbo moja. Desemba 2014 boti Mutambala ilizama kwenye ziwa hili hili, upande wa Katanga, watu zaidi ya 120 wakafa, na yaliyotajwa kuwa sababu ni upepo mkali na mzigo kupita kiasi. Wewe umekulia hapa, usiku unaziona taa za wavuvi wa ndagala, unajua ziwa linavyobadilika kabla mtu hajamaliza kula. Na fundi wa mota anajua kuliko wewe. Anayejua hayo na bado anakupakia gizani, bila jile la kuokolea, juu ya magunia, huyo bado hajaanza kukuhesabu. Siku ukisafiri, safiri mchana, vaa jile, hesabu watu na hesabu majile. Hesabu ikikataa, shuka, hata kama nauli umekwisha kulipa.

Kuhusu mama, mtafute Molly Brown wako. Ni yule mama tajiri mwenye kucheka kwa sauti, Kathy Bates, aliyemwazima Jack suti ya mwanawe ili aingie kwenye chakula cha wakubwa. Naye alikuwa mtu wa kweli, Margaret Brown, na alipookoka alichangisha pesa za kuwasaidia waliopoteza kila kitu. Kwenye ukoo wako yuko mmoja wa namna hiyo. Mara nyingi ni shangazi. Aongee na mama yako jikoni, taratibu, moto ukiwaka. Mahari nayo hulipwa kidogo kidogo. Hapa Uvira wangapi wamezeeka kwenye ndoa na mbuzi wawili bado wanadaiwa?

Na wewe fundi, najua atakusomea barua hii. Nawa grisi mikononi, vaa shati safi, mchukue mjomba wako, mwende kwa mama yake. Mwende mchana, na mpitie mlango wa mbele.