Mwanga Mmoja, Wapokeaji Wengi

Wanachuo wenzangu, sisi wa ualimu tunajua hili: ukisoma imla kwa wanafunzi 40, husomi mara 40. Unasoma mara moja, wote wanaandika. Ila madaftari utayasahihisha moja moja. Mitandao ya faiba nayo ina njia hizo mbili. Data inayokwenda kwa mtu mmoja ni yunikasti. Inayokwenda kwa kundi zima kwa pamoja ni maltikasti.

Chukua mtandao wa GPON. Uzi mmoja wa kioo unatoka kwa mtoa huduma hadi kwenye kigawa mwanga, kidude kisichotumia umeme, kinachogawa mwanga kwa nyumba 32, tuseme. Mwanga unaoshuka una urefu wa wimbi wa nanomita 1490, na unabeba karibu gigabiti 2.5 kwa sekunde. Mwanga huohuo unafika kwa wote. Kwa hiyo kila kifurushi cha data hubandikwa namba. Kifaa cha nyumbani kinachukua chenye namba yake na kuacha vingine. Vya mtu binafsi vinaweza kufungwa kwa msimbo, jirani asivisome. Vya maltikasti vina namba ya kundi, na kila aliyejiunga anavichukua. Aina zote mbili zinapanda gari moja.

Hebu tupige hesabu. Mhadhara wa moja kwa moja ukihitaji megabiti 5 kwa sekunde, watazamaji 32 kwa yunikasti wanakula 160. Kwa maltikasti, 5 tu. Zile 155 anabaki nazo anayepakua notsi.

Si bure, lakini. Kugawa mwanga mara 32 kunapoteza desibeli 15 au zaidi, hivyo umbali unapungua. Na maltikasti inawafaa wanaotazama wakati mmoja. Anayefungua rekodi usiku wa manane lazima apate nakala yake.

Kwa nini inatuhusu? Intaneti ya wazi kwa kawaida haipitishi maltikasti. Darasa la mtandaoni linakuja nakala moja kwa kila kichwa, hata mkiwa hosteli moja. Video inakwama, na anayeumia ni asiye na hela ya bando. Maltikasti inafanya kazi pale mtandao unaposimamiwa na mtu mmoja, na chuo chenye faiba yake ni mtu huyo. Basi kabla ya kudai kasi zaidi, tuulize: mhadhara mmoja unapita mara ngapi?