Andika Mwaka Kabla ya Kuwasha Kamera

Vijana wa Thika na Ruiru wanaotengeneza tamthilia za kihistoria huanza kwa kutafuta mavazi. Anzeni na mwaka. Uandikwe juu ya kila ukurasa wa muswada, na uwe mwaka mmoja. "Enzi za mkoloni" haitoshi, kwa sababu mkoloni wa 1913 na yule wa 1952 walitawala nchi mbili tofauti.

Tamthilia inayojulikana zaidi kuhusu mji wa Thika ni The Flame Trees of Thika, ya Waingereza, iliyoonyeshwa 1981 kwa vipindi 7. Ilitokana na kitabu cha Elspeth Huxley cha 1959, alimokumbuka utoto wake wa miaka zaidi ya 40 nyuma. Anayetaka kuigiza Thika hiyo upya atafute ushahidi mwingine pia. Mwaka 1913, wakati wa utoto huo, kibarua alilipwa kwa rupia. Shilingi ilikuja 1921. Nchi haikuwa bado Koloni la Kenya, jina lililokuja 1920. Wala hakuna mwanamume aliyening'iniza kipande, cheti cha utambulisho, shingoni: sheria yake ilitungwa 1915 na kuanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Hili si kosa dogo. Ukimvisha mwigizaji kipande mapema, mtazamaji hataelewa ni nini kilichowachemsha watu hadi wakajaa nyuma ya mwanaharakati Harry Thuku mnamo 1922.

Kosa ambalo wengi hawalioni limo shambani. Ruiru 11, kahawa iliyozalishwa hapa hapa Ruiru katika kituo cha utafiti, ilitolewa kwa wakulima 1985. Miti yake ni mifupi na hupandwa kwa kubanana. Ukipiga picha za wachumaji wa wakati wa Hali ya Hatari, iliyoanza 1952, katikati ya Ruiru 11, mkulima yeyote wa Gatundu atakukamata papo hapo. Tafuta shamba la zamani lenye SL28, aina iliyotokana na kazi ya Maabara ya Scott miaka ya 1930. Na kama hadithi yako ni ya 1913, hata hiyo SL28 haifai. Muulize mwenye shamba umri na aina ya miti kabla hujakodi lori.

Kwa hadithi za karibuni, kagua barabara na shule. Matatu yenye mstari wa manjano ni ya kuanzia 2004. Barabara kuu ya Thika ya sasa ilifunguliwa 2012. Namba za gari za KAA zenye herufi ya mwisho zilianza 1989, na mtahiniwa wa shule ya msingi wa 1979 hakufanya KCPE, alifanya CPE.

Mwendelezo nao una dawa rahisi: mtu mmoja asiye na kazi nyingine. Kila mkato ukiisha, apige picha kwa simu: vifungo vya shati, mkono ulioshika kikombe, chai iliyobaki. Onyesho la maporomoko ya Chania limalizeni katika msimu mmoja, maana maji ya Mei si ya Septemba.

Nyaraka za Kitaifa ziko Moi Avenue, Nairobi, safari fupi kutoka Ruiru. Nendeni huko, kisha muwasomee wazee muswada wenu kwa sauti kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha. Kifaa msichokuwa na hakika nacho, kitoeni kwenye fremu.